Utafiti wa Sanaa, wa Jamii au wa Mazingira: Namna ya Kuchagua Njia

Chukua msitu mmoja unaopungua. Mwanafasihi atakusanya nyimbo na masimulizi yanayoutaja. Mwanahistoria ataingia makavazini kusoma barua na ramani za enzi ulipowekewa mipaka. Mwanasosholojia atagawa dodoso kwa kaya 400, ilhali mwanaanthropolojia ataishi karibu na kaya tano mwaka mzima. Mwanaikolojia atapima mashina ya miti, na mtaalamu wa picha za setilaiti huenda asikanyage humo ila siku chache za uhakiki. Msitu ni uleule, lakini kazi zao zitajibu maswali sita tofauti, na kila moja ina mahali pake pa kuharibikia.

Kosa linaloangusha mapendekezo mengi ya utafiti ni kuchukua njia ya fani moja na kutaka kutoa dai la fani nyingine. Mtu amehoji watu 15, kisha anaandika "asilimia 60 ya wakazi". Mwingine amelinganisha picha mbili za setilaiti, kisha anaeleza sababu zilizowafanya watu wakate miti. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia mwishoni: andika kwanza sentensi moja ambayo ungependa kuitetea mbele ya watahini, halafu utazame ni njia gani inayoweza kuibeba. Sentensi yenye "wangapi" au "kiasi gani" inadai hesabu. Yenye "kwa nini" au "wanaelewaje" inadai mazungumzo marefu. "Tangu lini" inakupeleka kwenye nyaraka au picha za zamani, na "unasawiriwaje" inakupeleka kwenye matini.

Dodoso au mahojiano

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu zote mbili huuliza watu maswali na kwa mbali huonekana ndugu.

Dodoso hukupa upana. Jamii ikiwa kubwa, sampuli nasibu ya watu 384 inatosha kukadiria asilimia kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ukingo wa makosa ukiwa asilimia 5 juu au chini. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lililonakiliwa katika tasnifu zisizohesabika, hupunguza namba hiyo jamii inapokuwa ndogo: watu 500 wanahitaji sampuli ya 217, watu 1,000 wanahitaji 278, na watu 10,000 wanahitaji 370. Ukitaka ukingo wa asilimia 3, jiandae kwa watu wapatao 1,067. Hizo ni fomu zilizojazwa na kurudi, si zilizogawiwa. Ukihitaji 384 na unatarajia wanne kati ya kila watano wajibu, gawa 480.

Namba hizo zina sharti ambalo wanaozinakili hulisahau: kila mtu awe amechaguliwa kwa bahati nasibu, mmojammoja. Ukichagua vijiji 20 kwanza, kisha kaya 20 katika kila kijiji, huna tena sampuli ya aina hiyo. Majirani hufanana, na kaya ya ishirini inakuongezea habari chache kuliko ya kwanza. Marekebisho yake ni kuzidisha sampuli kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya kaya unazohoji katika kila kijiji na r ni kiwango cha kufanana kwa majibu yao. Kwa kaya 20 na r ya 0.05 tu, jibu ni 1.95, na ile 384 inageuka kuwa takriban 749. Kama uwezo wako ni kaya 400, usizirundike: vijiji 50 vyenye kaya 8 kila kimoja vina uzito wa kaya 296 zilizochaguliwa moja moja, ilhali vijiji 20 vyenye kaya 20 vina uzito wa 205. Nauli itapanda, lakini matokeo yatasimama.

Wingi wa majibu nao hautibu uchaguzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Fomu inayosambazwa leo kwenye makundi ya WhatsApp ina ugonjwa uleule, hata ikijazwa na watu elfu tano.

Kisha kuna lugha ya swali lenyewe. Tazama hili: "Je, unaridhika na ulinzi wa msitu na mgawo wa mapato yake?" Anayeridhika na ulinzi lakini ananyimwa mapato atajibu nini? Ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, halina matumizi. Litenganishe. Lijaribu dodoso lote kwa watu 20 hadi 30 wasiokuwamo kwenye sampuli, na usiwaulize tu kama wameelewa. Waombe waseme kwa maneno yao swali linataka nini. Kwa vipengele vinavyopima jambo moja kwa mizani ya ngazi tano aliyoiasisi Rensis Likert mwaka 1932, kokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya vipengele hivyo yanavyokwenda pamoja. Ikiwa chini ya 0.70, vipengele hivyo pengine havipimi kitu kimoja.

Mahojiano ya kina ni mnyama mwingine. Hayakupi asilimia, nawe usiyadai. Yanakupa sababu, mkanganyiko, na mambo ambayo hukujua kwamba yanafaa kuulizwa. Kuhusu idadi, utafiti wa Guest, Bunce na Johnson wa mwaka 2006 hutajwa sana: walichambua mahojiano 60 yaliyofanyika Ghana na Nigeria, wakaona mada karibu zote zilikwisha kujitokeza kufikia la 12. Wanaoitaja 12 kama amri husahau kwamba wahojiwa wale walikuwa kundi linalofanana, wakiulizwa maswali yanayolenga jambo moja. Una wavuna asali, walinzi na wafanyabiashara wa mbao? Hayo ni makundi matatu, na kila moja lihesabiwe peke yake.

Kinachowaua watafiti wa mahojiano ni unukuzi. Saa moja ya sauti iliyo safi huchukua saa nne hadi sita kuandika neno kwa neno. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja, zaidi. Mahojiano 20 ya saa moja ni saa 80 hadi 120 za kazi, yaani siku 16 hadi 24 ukimudu saa tano kwa siku, na bado hujaanza kusimba, yaani kuzipa sehemu za manukuu lebo za mada. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia, lakini huyumba kwenye lahaja na kwenye majina ya mahali, kwa hiyo lazima usikilize upya yote. Anza kunukuu baada ya mahojiano mawili au matatu ya kwanza. Hapo utajisikia unavyomkatiza mtu, au unavyomtilia jibu mdomoni, ukiwa bado na nafasi ya kujirekebisha.

Jihadhari pia na mwenyeji anayekutafutia wahojiwa. Atakupeleka kwa wasemaji wazuri na marafiki zake. Mwombe akutambulishe, kisha orodha ya wa kuhoji ipange mwenyewe. Kwenye usimbaji, mpe mtu wa pili asilimia 10 hadi 20 ya manukuu asimbe bila kuona yako. Mnapotofautiana, mara nyingi maelezo ya msimbo ndiyo yaliyolegea.

Kuishi na watu kwa muda mrefu ndiyo njia pekee kati ya hizi inayokuonyesha tofauti ya wanalosema na wanalotenda. Ni nzuri sana, na haifai hata kidogo kwa mwenye miezi minne.

Ploti au setilaiti

Upande wa mazingira, chaguo la kwanza huwa kati ya kupima mguu kwa mguu na kupima kutoka angani.

Ploti ya kawaida ya miti, yaani kipande cha ardhi kinachowekewa mipaka ili kupimwa, ni mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Ploti 25 hufanya hekta moja. Kipenyo cha shina hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa futikamba ya kawaida, zungusha upate mzingo, kisha gawanya kwa 3.14: mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha takriban 29.9. Mti ulio kwenye mteremko pimia upande wa juu. Wenye mizizi-ubao inayopanda shinani pimia juu ya pale inapoishia, uandike urefu uliopimia. Uliogawanyika chini ya mita 1.3 hesabu kila tawi kama shina lake. Mti ulio mpakani unaingia endapo zaidi ya nusu ya kitako chake iko ndani. Kanuni hizi zinaonekana ndogo, lakini wasaidizi wawili wasipokubaliana juu yake asubuhi ya kwanza, data za timu mbili hazilinganishwi.

Mteremko huwaibia watu eneo bila wao kujua. Ukivuta kamba ya mita 20 juu ya ardhi yenye mwinamo wa digrii 30, umbali wa mlalo ni mita 17.3 tu, na ploti yako imepungua kwa takriban asilimia 13. Ukilinganisha bonde na kilima bila kurekebisha hilo, kilima kitaonekana kuwa na miti michache kuliko iliyopo.

Kosa zito zaidi ni la usanifu. Mtafiti anaweka ploti kumi ndani ya hifadhi moja na kumi nje yake, anaona tofauti, anaandika kwamba ulinzi umeleta tofauti hiyo. Hana marudio kumi. Ana hifadhi moja dhidi ya eneo moja, na tofauti inaweza kutokana na udongo, mvua au umbali wa barabara. Mwanaikolojia Hurlbert aliandika kuhusu kosa hili mwaka 1984, na watahini wa ikolojia bado hulitafuta kama watu watafutao mwiba. Ukitaka kuzungumzia ulinzi, tafuta hifadhi kadhaa, hata kama kila moja itapata ploti tatu tu. La sivyo, badili sentensi ya hitimisho izungumzie msitu huo mmoja.

Setilaiti inakupa kile ambacho ploti haiwezi: miaka iliyopita. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972 ikiwa na pikseli (vijiraba vinavyounda picha) za takriban mita 80. Tangu 1982 zipo za mita 30, na tangu 2008 hifadhi yote ni ya bure. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2015, ina pikseli za mita 10, na setilaiti zake mbili kwa pamoja hupita mahali palepale kila baada ya siku tano, wakati Landsat moja huchukua siku 16. Kwa hiyo swali la mabadiliko ya miaka 30 linajibiwa na Landsat, na mashamba madogo ya leo yanaonekana vizuri kwa Sentinel-2.

Bure hiyo ndiyo mtego. Ukilinganisha picha ya masika ya mwaka mmoja na ya kiangazi ya mwaka mwingine, msitu unaopukutisha majani utaonekana umefyekwa. Chagua picha za mwezi uleule, na ikiwezekana kwa hali ya mvua inayofanana. Picha za Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu inayofuta takriban asilimia 22 ya kila picha, kwa sababu kifaa chake cha kurekebisha mistari kiliharibika. Kipimo cha ukijani, kinachopatikana kwa kutoa mwanga mwekundu kwenye ule wa infraredi ya karibu kisha kugawa kwa jumla yao, huangukia kati ya −1 na 1, na kinaweza kushindwa kutofautisha msitu wa asili na shamba la miti ya kupandwa. Wala ramani isitoke bila uhakiki wa ardhini: angalau nukta 50 kwa kila tabaka (aina ya eneo kwenye ramani, kama msitu au shamba), zisizotumika kuifundisha programu inayoyatenga matabaka hayo.

Ukitaka kuoanisha ploti na setilaiti, angalia ukubwa kwanza. Ploti ya mita za mraba 400 ni ndogo kuliko pikseli ya Landsat yenye mita za mraba 900. Chini ya miti, GPS ya simu inaweza kukosea mita 10 au zaidi, na hapo ploti yako imehamia pikseli ya jirani. Weka ploti katikati ya eneo linalofanana la angalau mita 90 kwa 90, yaani pikseli tatu kwa tatu.

Matini, nyaraka na kazi ya sanaa yenyewe

Utafiti wa sanaa hudharauliwa na wanaodhani hauna data. Data zipo, tatizo ni mipaka yake. Ukisema utachambua nyimbo za msitu, zipi? Za miaka gani, tanzu gani, zilizoimbwa na nani? Kigezo cha kuingiza na kuacha kiandikwe kabla ya kusoma, kwa sababu ukikiandika baada ya kusoma utajikuta umechagua matini zinazoikubali nadharia yako. Na kusimulia upya hadithi si uchambuzi. Jaribio ni jepesi: ficha aya yako ya nadharia, kisha uone kama uchambuzi unaofuata unabadilika. Kama haubadiliki, nadharia ilibandikwa tu.

Kwa fasihi simulizi, rekodi kwa faili lisilobanwa la kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya stirio ni takriban gigabaiti 1. Andika tarehe, mahali na hadhira, maana fanani (msimuliaji au mwimbaji) yuleyule mbele ya watoto na mbele ya wazee hatoi utendaji mmoja. Nakala ziwe tatu, moja ikae mbali na nyingine mbili.

Makavazi yana adabu yake. Ingia na penseli, si kalamu ya wino. Piga picha namba ya jalada kabla ya ukurasa wa kwanza, la sivyo utarudi nyumbani na picha mia mbili zisizo na asili. Mengi hufunga majalada kwa miaka 20 au 30, hivyo waandikie kabla hujakata tiketi. Halafu kumbuka ni nani aliyeandika: jalada la msitu kwa kawaida liliandikwa na aliyeusimamia, na waliofukuzwa humo hutokea kama idadi au kama kero. Ukimya huo nao ni data, ila unahitaji chanzo cha pili cha kuufungua.

Utafiti unaofanyika kwa kutunga au kuchora una sharti moja lisilokwepeka: swali. Picha nzuri pekee haitoshi. Yahitajika maandishi yanayoonyesha kutengeneza kwake kumefichua nini. Shajara ya mchakato ianze siku ya kwanza. Ikibuniwa mwishoni, hujulikana.

Kuchanganya

Wengi husema "nitatumia njia mchanganyiko" kama namna ya kukwepa kuchagua. Mchanganyiko unaofaa una mpangilio: ama mahojiano yanatangulia ili dodoso liulize mambo ya kweli, ama dodoso linatangulia na mahojiano yanaeleza namba zilizoshangaza. Zikienda sambamba bila kukutana, una tasnifu mbili dhaifu ndani ya jalada moja.

Mfano wa mchanganyiko uliozaa matunda ni wa Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani. Mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa amedai mwaka 1968 kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa na watumiaji wake. Ostrom na wenzake walikusanya mifano mingi ya umwagiliaji, uvuvi na misitu iliyokwisha kuandikwa na watu wa fani mbalimbali, wakaisimba kwa vigezo vilevile ili ilinganishwe, na baadaye wakapima miti na kuchunguza kanuni za watumiaji katika misitu ileile. Alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Angalia walichofanya: hawakuongeza njia kwa pambo, bali kila njia ilijibu lile ambalo nyingine haikuweza.

Kizuizi cha mchanganyiko ni kipimo. Mwanasosholojia Robinson alionyesha mwaka 1950 kwamba uhusiano unaoonekana kati ya maeneo unaweza kupotea, hata kugeuka, ukitazama mtu mmojammoja. Pikseli ikionyesha kwamba kata yenye wakazi wengi imepoteza miti zaidi, haijakwambia kwamba ni wakazi hao walioikata.

Vibali, majina na kalenda

Kila njia inayogusa watu hupitia kamati ya maadili, na hata anayekusanya majani makavu anaweza kuhitaji kibali, hasa sampuli zikivuka mpaka wa nchi; Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki unaotumika tangu 2014, inagusa hilo. Omba mapema, kwa sababu kibali kikichelewa miezi miwili msimu wa kupima umekwisha, na mwenye ploti anasubiri mwaka. Mwenye matini hapotezi kitu.

Majina ndipo fani zinapopishana waziwazi. Mhojiwa wa dodoso afichwe jina. Mtunzi au fanani, kinyume chake, mara nyingi ana haki ya kutajwa, na kumwita "mhojiwa namba 7" ni kumnyang'anya kazi yake. Fomu ya ridhaa iulize jambo hilo, si kulidhania. Nukta za GPS za nyumba za watu, au za mmea adimu unaowindwa na wauzaji, usizichapishe.

Kwa mwenye miezi sita: matini zilizokwisha kuchapishwa, mahojiano 12 hadi 15 ya kundi moja, au setilaiti ikiwa msitu unafikika kwa uhakiki. Kwa mwenye mwaka: dodoso la kaya 400 au ploti, lakini si vyote viwili, isipokuwa una wasaidizi na fedha za kuwalipa. Kuishi na watu, makavazi ya nchi mbili, au mchanganyiko wa kweli viachiwe wenye miaka mitatu. Na kabla hujawasilisha pendekezo, muulize msimamizi amewahi kusimamia kazi ngapi za njia hiyo. Aliyebobea kwenye takwimu atakusukuma uhesabu mahojiano yako, na aliyebobea kwenye matini anaweza kusaini sampuli ya 384 bila kuuliza ilichaguliwaje.